Pancha ya pikipiki: lini uzibe, lini ununue tairi jipya

Mteja akifika na pancha kijiweni kwangu hapa Mbeya, huuliza bei kwanza. Mimi humuuliza anapita wapi na anabeba nini. Anayezungusha abiria mmoja mmoja kati ya Mwanjelwa na Soweto, na anayeshusha magunia ya viazi kwa barabara ya Chunya kuja Mbeya mjini, siwezi kuwapa jibu moja hata kama wote wamechomwa na msumari wa aina moja. Tena tyubu ni kitu kimoja na tairi ni kingine. Tyubu ikizibwa vizuri, wengi hufunga na kuondoka bila kulitazama tairi, na hapo ndipo hatari inapobaki.

Hatua ya 1: Shuka, sukuma. Ukihisi nyuma inayumba au usukani umekuwa mzito, punguza mafuta taratibu na usibane breki kwa ghafla. Ukiendelea kupanda juu ya tairi lisilo na upepo, ringi inaisaga tyubu, shina la valvu linang'oka na nyuzi za ubavuni mwa tairi zinakatika kwa ndani. Pancha ya kuziba kwa kiraka kimoja inageuka tyubu mpya na tairi jipya.

Hatua ya 2: Jaribu valvu, kisha weka alama. Paka povu la sabuni kwenye valvu. Likitoa mapovu, huenda ni kipini cha ndani tu kimelegea. Kama si hapo, chora chaki kwenye tairi pale pale valvu ilipo kabla ya kufungua. Alama hiyo itakuonyesha tundu la tyubu linaangukia wapi kwenye tairi.

Hatua ya 3: Soma tundu. Jaza tyubu upepo, izamishe kwenye beseni la maji, tafuta mapovu. Tundu moja dogo upande wa nje ni msumari au mwiba: ziba. Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake tyubu ilibanwa na ringi ulipogonga jiwe au shimo upepo ukiwa mdogo. Yanazibika, lakini usipoongeza upepo yatarudi. Tundu likiwa upande wa ringi, usilaumu barabara. Kagua vichwa vya spoku na ule mkanda wa mpira unaovifunika.

Tyubu iliyochanika, iliyotoboka kwenye shina la valvu, au yenye viraka vinavyopandiana, weka pembeni ununue nyingine. Katika hili sibishani na mtu.

Hatua ya 4: Kagua tairi ndani na nje. Usipitishe vidole vitupu. Chukua kitambaa, kizungushe ndani ya tairi pole pole; kikinasa, kuna kitu. Kwenye barabara kuu ya Tanzania–Zambia, malori yakipasua matairi huacha vipande vya waya vyembamba kama sindano. Waya wa hivyo huzama kwenye mpira, kwa nje huuoni, na ukibaki utatoboa tyubu mpya siku hiyo hiyo. Ung'oe kwa koleo.

Halafu tazama mpira wenyewe. Kwenye mifereji kuna vinundu vidogo. Meno yakiisha hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Tazama pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona nyufa ubavuni, uvimbe, au nyuzi zimejitokeza, hakuna kiraka cha kuokoa hapo.

Hatua ya 5: Amua. Tundu la msumari katikati ya meno, tairi bado zima: ziba tyubu, endelea na kazi. Mkato unaopanuka ukiubonyeza, au jeraha lolote la ubavuni: badilisha. Najua kuna wanaoshona tairi au kuweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani. Mimi sifanyi, na tairi la mbele ndiyo kabisa. Kwenye mteremko wa Iwambi hapa Mbeya, ukishika breki, uzito wote unahamia mbele. Likipasuka hapo, usukani haukusikilizi tena, na nyuma yako kuna lori.

Kama huna pesa ya matairi mawili, anza na lililo baya zaidi, na usilipeleke la nyuma lililochoka likafanye kazi mbele.

Kwa tairi la tyubulesi, yaani lisilotumia tyubu, tundu la katikati lisilozidi milimita 6 linazibika, na kiraka cha kuwekwa kwa ndani ndicho cha kutegemea. Ile kamba ya mpira inayosokomezwa kwa nje ikufikishe kwa fundi tu. Ubavuni haizibwi.

Hatua ya 6: Funga na upime. Nunua saizi ile ile iliyoandikwa kwenye tairi la zamani, na mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia. Pima upepo tairi likiwa limepoa. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 hutaka karibu 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma kwa kipimo cha PSI, ila kibandiko cha pikipiki yako ndicho cha kufuata, hasa ukibeba mzigo. Tairi jipya huteleza mwanzoni, kwa hiyo kilomita 100 za kwanza kata kona taratibu, zaidi lami ikiwa na maji. Kesho yake asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, pima upepo tena. Ukiwa umeshuka, rudi kwa fundi kabla hujapakia.