Kushughulika na wezi wa Subnautica: Stalker na Sea Monkey

Chalii wengi wanaokuja dukani kwangu Kijenge kucheza Subnautica, gemu ya kuishi chini ya bahari, huanza na swali moja: namuuaje huyu mnyama anayeniibia? Huwa nawaambia waweke kisu chini. Wezi wa gemu hii ukiwaua umejinyima mwenyewe. Ukiwajua wanataka nini na wanakipeleka wapi, watakufanyia kazi ambayo mikono yako haiwezi.

Kwanza tusiwachanganye. Kwenye Subnautica ya kwanza, iliyotoka rasmi 2018, mwizi ni Stalker, yule mrefu mwenye mdomo uliochongoka, anayezunguka kwenye msitu wa Creepvine, ile mimea mirefu ya baharini. Yeye hahangaiki na ulichoshika mkononi. Anapenda vyuma chakavu vilivyolala chini, na anapenda kamera za chumba cha skana, kile unachojenga ili kutafuta vitu vilivyo mbali. Kwenye Below Zero, gemu iliyofuata ya 2021, mwizi ni Sea Monkey, na huyo anapora mkononi kabisa. Mbinu za mmoja hazimfai mwenzake.

Tuanze na Stalker, maana ndiye mwenye faida kubwa. Anapobeba kipande cha skrepa kwa mdomo, mara nyingine jino lake hudondoka. Jino hilo ukiliunganisha na kioo unapata Enameled Glass, na bila hiyo huendi mbali: Cyclops, ile nyambizi kubwa, peke yake inataka 3, na Prawn, vazi la chuma la kuzamia, inataka 1. Hapo ni meno 4, na kila kioo kinakula vipande 2 vya madini ya kwazi (quartz). Ukimuua Stalker, jino hupati. Anakufa tu, basi.

Kosa la wageni wengi ni uroho wa titani. Kila skrepa wanayoiona wanaipeleka kwenye mashine, kwa sababu kipande 1 kinatoa titani 4. Ni kweli mwanzoni unaihitaji. Lakini titani hairudi kuwa skrepa, kwa hiyo ukishajenga vitu vya mwanzo, anza kuweka vipande kadhaa kando. Vipande hivyo ndio chambo chako.

Nenda navyo pembeni mwa msitu, pale majani yanapoishia na mchanga unapoanza. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanamwaga skrepa katikati ya Creepvine, halafu wanalalamika kwamba Stalker hatoi meno. Anatoa sana. Jino ni dogo na jeupe, likidondokea kwenye nyasi hulioni hata ukipita juu yake na tochi. Kwenye mchanga mweupe nako linajificha kidogo, ila ukiinama karibu na chini utaliona limelala ubavu. Fungua mzigo wako, dondosha vipande vyote sehemu moja, kisha rudi nyuma. Stalker atakuja, atachukua kimoja, atakipeleka hatua chache, atakiachia, atakuja kuchukua kingine. Usimfukuze. Fuata njia yake ukiangalia chini, wala usimtazame yeye.

Akikujia wewe badala ya chuma, mpe samaki. Kamata Peeper mmoja au wawili kabla hujaingia msituni, na akikusogelea mwachie mmoja mbele yake. Akishakula anatulia kwa muda na unaweza kufanya kazi zako karibu naye. Samaki aliyepikwa mwache tumboni mwako, hapa anatakiwa aliye hai.

Sasa kamera. Ukijenga chumba cha skana unapewa kamera 2, na kama kituo chako kiko jirani na msitu, usishangae kukuta zimeondoka, hata zile zilizokuwa zimeegeshwa mahali pake. Mtoto wa dada yangu alipiga kelele mpaka mteja wa fotokopi akaacha karatasi zake: “Mamdogo, kamera yangu inatembea yenyewe!” Alikuwa amekaa kwenye skrini ya chumba cha skana, anaona majani yanapita pembeni, na yeye hajagusa kitu. Kamera ilikuwa mdomoni mwa Stalker. Hilo halihitaji hofu. Kaa hapo hapo kwenye skrini, angalia ameipeleka upande gani, na akiiachia iendeshe mwenyewe irudi nyumbani. Ikishindikana, ogelea ukaiokote kwa mkono. Dawa ya kudumu ni kujenga chumba cha skana mbali na msitu. Kama umeshajenga pale, zichukue kamera uzifungie kabatini kila ukimaliza kuzitumia.

Sea Monkey ni habari nyingine. Kama umewahi kufika Mandara, kituo cha kwanza cha kulala ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, unawajua kima wa pale: hawashindani na wewe, wanasubiri ugeuke. Sea Monkey ndivyo alivyo. Anakuja taratibu kwa nyuma wakati umeshika skana, unasikia kitu kimevutwa, na skana inaondoka.

Jambo la kwanza ni kuogelea mikono mitupu. Anachoiba ni kile ulichoshika, mzigo wako haugusi. Kwenye kompyuta, ukibonyeza tena namba ya kifaa kile kile, kinarudi ndani. Fanya hivyo kila ukimaliza kuskani, hata kama kipande kingine kiko mbele yako. Tatizo linabaki kwenye Seaglide, kifaa cha mkononi kinachokuvuta majini, kwa sababu haikusogezi bila kushikwa. Ukiwaona Sea Monkey wamejikusanya mbele, irudishe ndani na upite kwa miguu, yaani kwa mapezi. Ukishapata Seatruck, chombo cha kusafiria ndani yake chini ya maji, shida hii inapungua sana.

Ujanja wangu mimi ni tochi. Nikiingia sehemu wanapozurura, naingia nimeshika tochi makusudi. Akiitaka, aichukue. Ni betri na kioo tu, natengeneza nyingine bila kuumia, na skana yangu iko salama.

Akishakupora kitu cha maana, mfukuze hapo hapo. Ukimfikia unaweza kukichukua kutoka kwake. Akikuponyoka, usirudi nyumbani kulia: ana kiota, na huko ndiko vitu vinakopelekwa. Kiotani mara nyingi utakuta na vitu vingine ambavyo hukuvipoteza wewe, na vyote ni halali yako. Weka bikoni, kifaa cha kuonyesha mahali, karibu na kiota ili upajue siku nyingine. Bikoni nayo inashikwa mkononi, kwa hiyo usiizungushe zungushe, iachie upesi.

Kwenye kufukuzana huko, angalia hewa. Bila mtungi una sekunde 45, na Sea Monkey hana haraka, anakupeleka chini huku macho yako yako kwenye kifaa chako. Twisty Bridges, eneo la Below Zero ambako utakutana nao mapema, kuna mimea inayotoa oksijeni. Ijue ilipo kabla hujaanza mbio. Hadithi ikisonga mbele, Sea Monkey wanaanza kukuletea wewe vitu, kwa hiyo hata hawa sioni sababu ya kuwachoma visu.

La mwisho ni la sisi tunaocheza huku umeme unaenda na kurudi. Gemu hizi hazijihifadhi zenyewe. Ukiokota jino, ukirudisha skana, ukikuta kiota kimejaa, fungua menyu uhifadhi kwanza ndipo uendelee. Mtu wa mchezo wa mpira akikatikiwa umeme anapoteza mechi moja. Wewe unapoteza kila kitu tangu ulipohifadhi mara ya mwisho, na Stalker hatakumbuka kwamba alishakupa jino.