Kusanifu uso unaochagua masafa kwa bendi pana: anza na pembe

Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa 1977, vina kiakisi kidogo mbele ya dishi la mita 3.7. Kiakisi hicho hurudisha mawimbi ya bendi ya X, karibu GHz 8.4, na huyaachia ya bendi ya S, karibu GHz 2.3, yapite. Dishi moja likatumikia bendi mbili. Kazi hiyo ndiyo iliyonivuta kwenye fani hii, yaani nyuso zinazochagua masafa: paneli zenye maumbo ya shaba yanayojirudia, zinazozuia masafa fulani na kupitisha mengine. Hapa naeleza ninavyosanifu uso wa kuzuia GHz 8 hadi 12.

Wengi hukimbilia umbo la shaba: msalaba, pete, mraba. Mimi huuliza kwanza wimbi litaujia uso kwa mwinamo gani. Likija kwa digrii 60 kutoka mstari wima wa uso, umbali wa kitovu cha umbo moja hadi kitovu cha jirani yake uwe chini ya urefu wa wimbi ukigawanywa kwa (1 + sin 60°). Kwenye GHz 12 wimbi lina mm 25, kwa hiyo kikomo ni mm 13.4. Ukikivuka, nishati inatawanyika pande usizozitaka, na hakuna umbo litakaloizuia. Mimi hushuka hadi nusu yake.

Umbo langu ni kitanzi cha mraba. Kinazuia zaidi pale mzingo wake unapokaribia urefu wa wimbi moja: kwenye GHz 10, hewani, kila upande mm 7.5. Ubao wa sakiti unaobeba shaba hulifupisha wimbi. FR4, ubao wa kawaida wa nyuzi za kioo, ikiwa nene, upande hushuka hadi karibu mm 4.6, ikiwa nyembamba, unene wa mm 0.8 hivi, jibu liko kati ya hizo mbili. Naanza na mm 5.5, na mwanya wa mm 0.5 kati ya kitanzi na kitanzi, kisha programu ya uigaji inakokotoa kitanzi kimoja chenye mipaka ya kujirudia, yaani kana kwamba kimerudiwa pande zote bila mwisho.

Sasa upana wa bendi, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila kitanzi ni kama indakta (mstari wa shaba) na kapasita (mwanya) zilizofuatana katika sakiti. Bendi pana inataka indakta ndogo na kapasita kubwa. Nenepesha mstari wa shaba: indakta inapungua, masafa yanapanda. Banisha mianya: kapasita inakua, masafa yanashuka. Ukizifanya zote mbili kwa kipimo, bendi inapanuka na katikati yake haitoki GHz 10. Lakini badili kimoja kwanza, andika tokeo, ndipo ugeukie cha pili. Kingo za bendi zikibaki butu, weka tabaka la pili umbali wa robo ya wimbi, mm 7.5 za povu jepesi.

Rudi kwenye pembe. Kwa digrii 60, uga wa umeme ukilala sambamba na uso, bendi inayozuiwa hupanuka. Uga wa sumaku ukilala hivyo, hupungua. Hali hiyo ya pili ndiyo iamue vipimo vyako.

Kupima kunataka antena mbili za honi, moja ya kutuma na moja ya kupokea, na kichanganuzi cha mtandao, kifaa kinachopima mawimbi yanayopita kwa kila masafa. Pima fremu tupu, kisha weka paneli, uzibe kando kwa sponji ya kunyonya mawimbi. Bendi ikitoka nyembamba kuliko ya uigaji, chukua hadubini ukague mianya: asidi ikila shaba kupita kiasi, mwanya unapanuka na mstari unakonda, hivyo kapasita inapungua huku indakta ikiongezeka.