Jinsi ya Kuunda Swali la Tasnifu ya Uzamivu katika Falsafa ya Maadili na Jamii

Mtafiti wa uzamivu anayefanya kazi kati ya falsafa, maadili na elimu ya jamii hubeba maswali ya aina mbili: yanayouliza mambo yalivyo, na yanayouliza mambo yanavyopaswa kuwa. Mwaka 1740 mwanafalsafa wa Uskoti David Hume aliwakosoa waandishi wanaovuka kutoka aina ya kwanza hadi ya pili bila kueleza wamepitia wapi, na kwa maoni yangu ni hapo hasa tasnifu za fani hii hulegea.

Andika mada yako kama swali moja, kisha uligawe. Tuseme unauliza iwapo daktari amweleze mgonjwa ukweli wote hata pale familia inapoomba afichwe. Ndani yake kuna swali la kijamii, yaani wagonjwa wanataka nini na familia zinahofia nini, ambalo hujibiwa kwa mahojiano au hojaji. Kuna pia swali la kimaadili, iwapo matakwa hayo yanamfunga daktari, ambalo haliwezi kujibiwa kwa wingi wa wahojiwa. Hata wote wakikubaliana, utawajibika kutaja kanuni inayoyapa makubaliano yao uzito, kama vile haki ya mtu kujiamulia, na kuitetea dhidi ya pingamizi lililo zito kuliko yote. Sura inayounganisha pande hizi mbili iandikiwe rasimu kabla hujaenda uwandani, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha data ipi unaihitaji.

Data nayo ina kazi yake katika hoja. Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls alieleza mwaka 1971 namna kanuni na hukumu zetu za kimaadili zinavyopimana na kurekebishana hadi zipatane. Wahojiwa wanaweza kukuletea hukumu ambazo mwanafalsafa aliye peke yake asingezifikiria. Lakini hukumu zenye uzito ni zile zilizotafakariwa, kwa hiyo mwongozo wako wa mahojiano uulize sababu, na umpe mhojiwa nafasi ya kubadili jibu lake.

Mapitio ya maandishi yapange kwa kufuata hoja zinazopingana, si kwa mfuatano wa waandishi.

Kibali cha maadili ya utafiti kiombe mapema. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, mwongozo wa Marekani kuhusu maadili ya utafiti unaohusisha watu, uliofuata kufichuliwa kwa utafiti wa Tuskegee nchini humo ambamo wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba, ilitaja misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema na kutenda haki. Usiisome kama sharti la kujaza fomu tu. Katika mfano wetu, maelezo ya ridhaa yakitaja ugonjwa, mgonjwa aliyefichwa atajua siri kutoka kwako. Amua pamoja na msimamizi wako na kamati ya maadili, kabla ya mahojiano ya kwanza, utamwalika nani na kwa maneno gani.