Namna ya kusoma rekodi ya uchaguzi ya mbunge wa jimbo nchini Marekani: Obama kabla ya Washington

Nikitakiwa kuandaa wasifu wa mwanasiasa wa Marekani kwa ajili ya kipindi cha redio, sianzi na hotuba zake. Nachukua karatasi na kuigawa safu sita: tarehe, kiti, aina ya uchaguzi, kura zake, kura za kila mpinzani, na ramani ya eneo lililopiga kura. Karatasi hiyo ikijaa, nusu ya kazi imekwisha, na mara nyingi inasimulia mambo ambayo mwenyewe hayasemi jukwaani.

Nitakuonyesha kazi hiyo kwa mtu ambaye Afrika Mashariki nzima inamfahamu, ila kwa kipande cha maisha yake ambacho wengi wetu tunakiruka: Barack Obama alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois. Alikaa kwenye kiti hicho karibu miaka minane, zaidi ya mara mbili ya muda aliokaa katika Seneti ya Washington. Kama nia yako ni kuelewa alijifunzia wapi siasa, ni pale.

Hatua ya 1: Tenganisha viti, na lugha yako iwe moja

Neno "seneta" linatuponza. Mkenya akilisikia anamfikiria seneta wa kaunti. Mtanzania hana seneta kabisa. Na Marekani wapo wa aina mbili. Seneti ya taifa ina watu 100, wawili kwa kila jimbo, nao wanakutana Washington. Kila jimbo nalo lina bunge lake. Bunge la Illinois linakutana Springfield, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago, na lina Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118.

Neno "jimbo" lina mtego wake pia. Tanzania jimbo ni eneo la uchaguzi la mbunge mmoja. Tukizungumzia Marekani, jimbo ni Illinois nzima yenye gavana wake. Amua mapema. Mimi huandika jimbo kwa Illinois na wilaya ya uchaguzi kwa kile kipande kinachomchagua mtu mmoja. Obama aliwakilisha wilaya ya uchaguzi namba 13, upande wa kusini wa Chicago, ikiwemo Hyde Park, mtaa wa Chuo Kikuu cha Chicago alikokuwa akifundisha sheria.

Sasa jaza tarehe za mwanzo na mwisho: Seneti ya Illinois, kuanzia Januari 1997 hadi 4 Novemba 2004, Seneti ya Marekani, Januari 2005 hadi Novemba 2008. Usiendelee mpaka mistari hiyo miwili imekaa mbalimbali kwenye karatasi yako.

Hatua ya 2: Jua kiti kinadumu miaka mingapi

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini bila hiyo huwezi kueleza kwa nini mtu aligombea kitu fulani mwaka fulani. Seneti ya Illinois haina muhula wa urefu mmoja. Katika kila miaka kumi, kiti huwa na mihula miwili ya miaka minne na mmoja wa miaka miwili, na mpangilio hutofautiana kati ya wilaya na wilaya ili viti vyote visigombewe kwa pamoja kila mara. Kila sensa ikipita mipaka inachorwa upya, na hapo ndipo viti vyote 59 hurudi kwa wapiga kura.

Kwa wilaya ya 13, uchaguzi wa 1996 ulikuwa wa muhula mfupi wa miaka miwili. Uchaguzi wa 1998 ulikuwa wa miaka minne. Ndiyo maana mwaka 2000 Obama aliweza kugombea ubunge wa Washington, akashindwa, na kesho yake akarudi Springfield kiti chake kikiwa salama. Hakuwa ameweka rehani chochote isipokuwa jina lake na fedha za kampeni. Mwaka 2004 hali ilikuwa ileile: alichaguliwa upya 2002, kwa hiyo alipowania Seneti ya Marekani kiti chake cha jimbo hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Watu husifu ujasiri wa mwanasiasa kabla ya kutazama kalenda yake. Tazama kalenda kwanza.

Hatua ya 3: Andika kila uchaguzi, hasa alioshindwa

Wasifu rasmi wa wanasiasa hupenda kuruka vipigo. Wewe usiruke. Pia usichanganye kura za mchujo ndani ya chama na uchaguzi mkuu: kila mmoja uwe na mstari wake. Takwimu za Illinois hutunzwa na Bodi ya Uchaguzi ya jimbo, na Chicago ina bodi yake ya uchaguzi. Haya ndiyo yaliyomo kwenye karatasi yangu:

Machi 1996, mchujo wa Democratic, Seneti ya jimbo: alipita bila kupingwa.
Novemba 1996, uchaguzi mkuu: Obama 48,592, David Whitehead wa chama kidogo kilichobeba jina la Harold Washington, meya wa zamani wa Chicago, 7,461, Rosette Caldwell Peyton wa Republican 3,091.
Machi 1998, mchujo: bila kupingwa.
Novemba 1998, mkuu: Obama 45,486, Yesse Yehudah wa Republican 5,526.
Machi 2000, mchujo wa kuwania Baraza la Wawakilishi la Marekani, wilaya ya kwanza ya Illinois: Bobby Rush 59,599, Obama 29,649, Donne Trotter 6,915, George Roby 1,501.
2002, mchujo na uchaguzi mkuu: bila kupingwa.
Machi 2004, mchujo wa kuwania Seneti ya Marekani: Obama 655,923, karibu asilimia 53 katika kundi la wagombea saba.
Novemba 2004, mkuu: Obama 3,597,456, Alan Keyes wa Republican 1,390,690.

Hatua ya 4: Piga hesabu mwenyewe

Usinakili asilimia za mtu mwingine. Jumlisha kura, gawanya, kisha weka namba mbili kando kwa kando: asilimia na idadi yenyewe.

Mwaka 1996 jumla ya kura zilizohesabiwa kwa kiti hicho ilikuwa 59,144, na Obama akapata asilimia 82.2. Mwaka 1998 jumla ikawa 51,012, naye akapata asilimia 89.2. Anayesoma asilimia peke yake atasema alizidi kupendwa. Tazama kura zenyewe: zilipungua kwa 3,106. Mwaka 1996 watu walikuwa wamekwenda pia kumchagua rais kati ya Clinton na Dole. Mwaka 1998 hapakuwa na uchaguzi wa rais, na idadi ya wapiga kura ikashuka, kama ilivyo kawaida ya Marekani. Tena 1996 wapinzani walikuwa wawili, 1998 mmoja. Kwa hiyo sentensi ya haki ni kwamba alilinda kiti bila shida katika eneo ambalo Democratic haishindwi. Zaidi ya hapo namba hazikupi ruhusa.

Kisha rudia zoezi kwa mwaka 2000. Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Tofauti yao ni kura 29,950, yaani pengo peke yake ni kubwa kuliko kura zote alizopata Obama. Rush alikuwa mbunge tangu 1993, mtu wa harakati za watu weusi tangu ujana wake, na mtoto wake aliuawa kwa risasi Oktoba 1999, watu wakamwonea huruma ya dhati. Mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo Seneti ya jimbo ilipiga kura juu ya muswada wa silaha, Obama akiwa Hawaii na familia yake, mtoto mgonjwa. Muswada ukaanguka, naye akasemwa vibaya magazetini wiki chache kabla ya mchujo. Weka maelezo kama hayo pembeni ya mstari, kwa penseli, maana hakuna anayeweza kupima ni kura ngapi zilikwenda na kila sababu.

Na ile safu ya ramani? Hapa ndipo inapolipa. Kiti cha 2002 kina namba ileile 13, lakini si eneo lilelile. Mwaka 2001 wajumbe wa vyama viwili kwenye tume ya kuchora mipaka walishindwa kukubaliana kuhusu mipaka mipya, ikapigwa kura ya bahati kwa kuchomoa jina ndani ya kofia, na jina lililotoka likawapa Democratic kura ya ziada kwenye tume. Wilaya ya 13 ya zamani ilienea kuelekea magharibi, kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mpya ilipanda kaskazini kando ya ziwa hadi mitaa ya matajiri katikati ya jiji. Ukilinganisha kura za 1998 na za 2002 unalinganisha watu tofauti. Zingatia pia kwamba matajiri wale wa kando ya ziwa ndio aina ya watu ambao mgombea wa jimbo zima huwahitaji kwa michango.

Hatua ya 5: Simama pale palipoandikwa "bila kupingwa"

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wanafunzi wangu huipita mbio. Mtanzania hahitaji kufundishwa msamiati wake: wadhamini, pingamizi, kuenguliwa. Tunajua kwamba mtu akipita bila kupingwa, swali ni nini kilitokea kabla ya siku ya kura.

Kiti cha wilaya ya 13 kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 aliamua kuwania ubunge wa Washington, na Obama akatangaza kugombea nafasi atakayoiacha. Novemba 1995 Palmer alishindwa na Jesse Jackson Jr. katika mchujo wa kiti kile cha Washington, akabadili nia, akataka kurudi kwenye kiti chake. Obama hakujitoa.

Ili jina liingie kwenye karatasi ya kura ya mchujo, mgombea alihitaji saini 757 za wapiga kura wa wilaya hiyo. Palmer alikusanya kwa siku chache tu, akapeleka zaidi ya 1,500. Watu wa Obama wakaketi na daftari la wapiga kura, wakapitia jina moja moja, wakaweka pingamizi si kwa Palmer tu bali kwa wapinzani wote wanne. Palikuwa na majina yaliyochapwa kwa herufi kubwa pahali pa saini, watu wanaoishi nje ya wilaya, na wengine waliokwisha ondolewa daftarini. Gha-is Askia, mmoja wa wale wanne, alipeleka saini 1,899. Zikakataliwa 1,211, zikabaki 688, akapungukiwa na 69. Palmer alijitoa Januari 1996. Mwisho wa yote likabaki jina moja.

Yote yalifuata sheria. Nami naamini mwandishi ana wajibu wa kuandika mambo mawili kwa pamoja: kwamba sheria ya saini inazuia udanganyifu, na kwamba wakazi wa wilaya ya 13, waliokuwa na seneta wao, hawakupewa nafasi ya kusema wanamtaka nani. Ukiandika la kwanza tu umekuwa mpiga debe. Ukiandika la pili tu umemwonea.

Hatua ya 6: Fuata kura zake ndani ya bunge

Gawa kipindi kwa kuangalia nani alikuwa na wingi. Kuanzia 1997 hadi mwisho wa 2002 Republican ndio walioshika Seneti ya Illinois, na miswada ya wachache mara nyingi ilifia kwenye kamati. Januari 2003 Democratic walichukua uongozi, Emil Jones akawa rais wa Seneti, na Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Ndipo orodha yake ya sheria ikajaa ghafla: polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji, na kukusanywa kwa takwimu za rangi ya madereva wanaosimamishwa barabarani. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni nani aliamua muswada gani ufike mezani.

Mtego mmoja wa mwisho kwenye kumbukumbu za bunge. Illinois mjumbe anaweza kusema ndiyo, hapana, au "nipo". Obama alisema "nipo" mara 129 kati ya kura takriban 4,000, na wapinzani wake walilishikia bango jambo hilo miaka ya baadaye. Usiitafsiri kuwa hakuwepo. Muswada wa kawaida unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya viti 59, kwa hiyo "nipo" huupunguzia muswada nguvu sawa na hapana.

Hatua ya 7: Andika jinsi alivyotoka

Alijiuzulu 4 Novemba 2004, siku mbili baada ya kushinda kiti cha Washington. Sisi tungesubiri uchaguzi mdogo. Illinois haiufanyi kwa kiti kama hicho: viongozi wa chama chake katika wilaya humteua mrithi, nao walimteua Kwame Raoul, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa jimbo.

Ukitaka zoezi la peke yako, mchukue Raoul. Chora safu zilezile sita, ujaze mstari wa Novemba 2004 kwa kiti cha wilaya ya 13. Kwenye safu ya kura utaandika sifuri.