Baridi yabisi ya viungo: jinsi ya kumeza dawa ya wiki na kujiandaa kwa kliniki

Wanaoishi Makete, Njombe, Uyole au Tukuyu wameizoea baridi, kwa hiyo mtu akiamka vidole vimevimba, jirani humwambia baridi imemwingia mifupani. Jina lenyewe, baridi yabisi, linaitwisha hali ya hewa lawama isiyo yake. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando laini uliomo ndani ya kiungo. Utando huvimba na kujaa majimaji, na ukiachwa bila tiba hula gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kisha mfupa wenyewe. Baridi ya Juni na Julai huzidisha maumivu na ukakamavu, lakini si yenyewe iliyoleta ugonjwa. Hata Kyela kwenye joto wagonjwa wapo.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu dawa moja, methotreksati. Ndiyo dawa ya kwanza ya kuzuia viungo visiharibike, na ndiyo inayodhuru vibaya sana ikimezwa isivyo.

Kwanza, je, ndio wenyewe?

Jipime asubuhi. Ukiamka, jaribu kufunga vifungo vya shati, kufungua chupa ya chai au kuzungusha ufunguo kwenye kufuli. Kama vidole vinagoma kwa zaidi ya nusu saa, na kwa wengi hufika saa nzima au zaidi, halafu vinalainika kadiri unavyoendelea na shughuli, hiyo ni dalili nzito. Kisha mwombe mtu akushike mkono kama anayekusalimia, abane taratibu safu ya vifundo pale vidole vinapoanzia. Ukiuvuta mkono kwa maumivu, mwambie daktari hivyo hivyo. Ugonjwa huu hupenda viungo vidogo vya vidole, viganja na nyayo, pande zote mbili kwa pamoja, na hukaa wiki 6 na zaidi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Mzee ambaye goti linamuuma anapotembea na kutulia anapokaa huenda ana ugonjwa wa kulika kwa viungo, ambao tiba yake ni nyingine. Na kidole gumba cha mguu kinachovimba ghafla usiku, kikawa chekundu na cha moto, ni dalili ya gauti. Lile katazo la nyama nyekundu linatoka kwenye gauti. Mwenye baridi yabisi halazimiki kuacha nyama.

Kipimo cha damu kiitwacho RF kinasaidia, lakini kisikuamulie peke yake. Kinaweza kusoma hasi kwa mgonjwa halisi, na kinaweza kusoma chanya kwa mwenye kifua kikuu au homa ya ini. Daktari anayegusa viungo vyako kimoja kimoja anajua mengi kuliko karatasi ya maabara.

Siku ya kliniki

Hospitali nyingi huwaona wagonjwa hawa kwenye kliniki ya magonjwa ya ndani. Kama unalenga Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pitia kwanza hospitali ya wilaya upate barua ya rufaa, na uliza vipimo gani vinaweza kufanyika huko huko. Anayetoka Makete au Ludewa akirudishwa kwa kukosa jibu moja la damu amepoteza nauli na siku mbili.

Uvimbe wa asubuhi huwa umeshuka kufikia saa 5 unapoitwa chumbani. Kwa hiyo piga picha mikono yote miwili kwa simu asubuhi mara kunapokucha, kwenye mwanga wa dirishani, mara tatu au nne kabla ya siku ya kliniki. Weka pia daftari dogo. Kila Jumapili andika mambo matatu: ukakamavu ulichukua dakika ngapi, viungo vingapi vimevimba, na maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Mstari mmoja kwa wiki unatosha. Kwa daftari hilo daktari anajua kama dozi ipande au ibaki.

Beba dawa zote unazotumia pamoja na pakiti zake, hata zile za stendi na mnadani. Hatukuulizi ili kukugombeza. Dawa ya "asili" inayoondoa maumivu ya miaka ndani ya siku moja mara nyingine imechanganywa na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe. Uso ukianza kuwa wa mviringo, sukari ikapanda na ngozi ikachubuka kirahisi, shaka inakuwa kubwa. Usiiache ghafla kama umeitumia wiki 3 au zaidi, maana mwili huwa umesahau kutengeneza steroidi zake na unaweza kuanguka. Ipeleke, daktari akupangie kuipunguza.

Methotreksati ni dawa ya wiki

Kabla ya kuanza, damu ipimwe wingi wa chembe zake, ini, figo, homa ya ini B na C, na VVU. Kifua kipigwe eksirei. Mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe ujauzito, kwa sababu dawa hii huharibu mimba na humlemaza mtoto tumboni.

Kidonge cha kawaida ni cha mg 2.5, kwenye boksi huandikwa methotrexate. Kipo pia cha mg 10, kwa hiyo soma namba kila unapopewa pakiti mpya. Wengi huanzishiwa mg 7.5 hadi 15 kwa wiki, yaani vidonge 3 hadi 6 vya mg 2.5 vinavyomezwa siku moja. Dozi hupandishwa polepole, na kwa baadhi hufika mg 20 au 25.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Bahasha zetu za dawa huandikwa 1x3 au 2x2, na kila mtu anasoma kwamba ni kila siku. Mtoa dawa akiandika 6x1 kwa mazoea, mgonjwa atakwenda nyumbani na kumeza vidonge 6 kila siku. Siku chache mfululizo za namna hiyo zimeshaua watu. Uboho wa mifupa huacha kutengeneza damu, mdomo hujaa vidonda, homa hupanda na fizi huvuja damu. Kwa hiyo usiondoke dirishani mpaka bahasha imeandikwa kwa maneno: "Vidonge 6, Ijumaa tu." Kama mgonjwa hasomi, msimulie anayekaa naye, na yeye ndiye atunze pakiti.

Tunapendekeza Ijumaa usiku baada ya chakula, kwa sababu kichefuchefu na uchovu, vikija, huja siku inayofuata, na wengi wanaweza kuipumzikia Jumamosi. Kama Jumamosi ni siku yako ya soko, chagua nyingine, ila usiibadilishe kila mara. Siku tofauti, tuseme Jumatatu, meza foliki asidi mg 5 kama ulivyoandikiwa. Hii si vitamini ya ziada ya kuruka fedha zikipungua. Inapunguza vidonda vya mdomo, kichefuchefu na madhara kwenye ini. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani mara tu unapomaliza kumeza, si kabla.

Umesahau Ijumaa? Unaweza kumeza Jumamosi au Jumapili. Ikipita hapo, acha hadi Ijumaa ijayo, na usimeze dozi mbili kufidia. Ukigundua umeimeza kila siku, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama hujisikii vibaya, ukiwa na pakiti mkononi. Ipo dawa ya kukinza sumu yake, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Usitegemee nafuu wiki ya kwanza. Huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi huiacha wiki ya 4 wakidhani haifai. Ndiyo sababu daktari huongeza predinisoloni, ambayo ni steroidi, ya dozi ndogo kwa muda, imezwe asubuhi baada ya kula. Diklofenaki hupunguza maumivu lakini hailindi kiungo, na ikitumiwa ovyo hutoboa tumbo na kuchosha figo. Figo zikichoka, methotreksati hubaki mwilini na kugeuka sumu.

Septrini

Hili tunalisisitiza kuliko jingine lolote. Usimeze Septrini ukiwa kwenye methotreksati. Zote mbili huzuia kazi ya foliki mwilini, na zikikutana uboho unaweza kusimama. Septrini hununuliwa kirahisi dukani kwa kikohozi au kuhara, na muuzaji hatakuuliza unatumia nini kingine. Anayeishi na VVU na amepewa Septrini ya kinga awaambie CTC (kliniki ya VVU) na kliniki ya viungo, wote wawili, kabla ya kuanza chochote.

Pombe iache, ulanzi ukiwemo, kwa sababu ini linabeba mzigo tayari. Damu ipimwe kila wiki 2 hadi 4 katika miezi 3 ya mwanzo, kisha kila wiki 8 hadi 12 hali ikitulia. Ukipata homa, vidonda vya mdomo, kikohozi kikavu chenye kuishiwa pumzi, au macho ya manjano, usimeze dozi inayofuata. Nenda kapimwe kwanza. Mwanamke atumie uzazi wa mpango, na akitaka mtoto amweleze daktari angalau miezi 3 kabla ili abadilishiwe. Anayenyonyesha asiitumie.

Asubuhi za baridi na kazi za mikono

Jaza beseni maji ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto, si ya kuunguza. Zamisha mikono dakika 10, ukifumba ngumi taratibu na kufumbua. Jiko la mkaa usiliingize chumba kilichofungwa ili kupasha viungo; hewa yake haina harufu na huua familia usingizini. Choma mkaa nje, ingiza maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa kitambaa.

Mpini mwembamba wa jembe hulazimisha vidole kukunjika sana. Uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka mbili au tatu, mpaka unene. Badala ya ndoo ya lita 20, beba mbili za lita 10, mishikio ikining'inia kwenye viwiko. Nguo usizikamue kwa kusokota. Zizungushe kwenye bomba na uvute kwa uzito wa mwili. Anayechuma chai Rungwe apumzishe vidole dakika chache kila nusu saa, na siku kiungo kikiwa cha moto na kimevimba akipumzishe kabisa, bila kukifunga kisichezeke siku nzima.