SOMO: Kioo cha gari kinachokwama au kupanda kwa kujikokota (soma YOTE kabla hujauliza)

Haya, naandika mara moja tu, nikiulizwa tena nakurudisha hapa. Kila siku "kioo changu kinapanda polepole, ninunue mota?" Usinunue kitu bado. Hapa kwetu Mombasa mara nyingi shida ni raba. Vumbi na chumvi ya bahari vinajaa ndani ya ile raba kioo kinamopita, jua linaikausha inakuwa ngumu kama soli, sasa kioo kinasuguana nayo na mota inahangaika mpaka inachoka. Gari inayolala Nyali au Shanzu karibu na ufuo ndio usiseme.

Tafuta sprei ya silikoni, tambara, sabuni ya maji na bisibisi bapa.

1. Shusha kioo chote.

2. Zungushia tambara kwenye bisibisi, chovya maji ya sabuni, pitisha ndani ya raba mbele na nyuma mpaka litoke bila weusi.

3. Suuza, acha ikauke.

4. Silikoni. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Nilipaka grisi ya beringi nikidhani mafuta ni mafuta, wiki ya kwanza kioo kinateleza kama samaki na mimi najisifu kwa majirani. Kumbe grisi inaivimbisha raba, halafu vumbi linanasia humo humo linakuwa msasa. Mwezi haujaisha niko foleni ya feri Likoni, mvua ya masika inamwagika, kioo cha dereva kimesimama nusu. Nikang'ang'ana na swichi, nikasikia "tak", waya wa mashine ya kioo umekatika na kioo kimezama mlangoni. Nilivuka na leso ya mke wangu nimeibana mlangoni, na bado nilifika nimelowa. Kwa hivyo USIPAKE grisi, oili ya injini, dizeli, wala ile sprei ya kulegeza nati. Silikoni tu, na kidogo. Isiguse swichi, na isifike kioo cha mbele maanake waipa zitakupakia ukungu.

5. Pandisha na ushushe mara tatu nne, futa iliyozidi. Basi.

MASWALI

Probox Nyeupe: Sina silikoni, naweza kutumia grisi kidogo tu?
– Soma namba 4.

Probox Nyeupe: Nimesoma, ila fundi wangu yeye hutumia na haijawahi leta shida
– Basi si umuulize huyo fundi. Mimi nimesema kilichonipata, raba ni yako.

Mama Zuu: Asante sana kaka. Changu kikipanda na kushuka mara nyingi kinazima kabisa, nikingoja kama dakika kumi kinarudi. Ni fyuzi?
– Swali zuri dada. Fyuzi ikiungua hairudi yenyewe. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani, ikichemka inajikata, ikipoa inarudi. Maana yake inafanya kazi kupita kiasi, kwa hivyo anza na raba. Na kama kioo kina tinti usiguse upande wa ndani na kitu kigumu, tambara laini tu.

Kijana wa Kisauni: Mimi baada ya kubadilisha betri kioo kimekataa kupanda chenyewe kwa mguso mmoja
– Hiyo si raba, kimesahau mwisho wake. Gari nyingi za Japani unakishusha chote, unavuta swichi mpaka kifike juu, unaishikilia hapo sekunde chache. Ikikataa angalia kitabu cha gari yako.

Nahodha: Ndugu yangu yuko Kanada, anasema vyake vinaganda na barafu asubuhi. Silikoni itamsaidia?
– Ndio, na ni raba hiyo hiyo. Maji yanaingia kati ya raba na kioo, usiku yanaganda yanakuwa gundi. Aifute ikauke jioni halafu apake silikoni, maji yasishike. Ikiwa kimeshaganda asilazimishe swichi, waya utakatika kama wangu, awashe hita angoje. Na asimwagie maji moto, kioo baridi kinaweza kupasuka.

Mama Zuu: Loh, na sisi Julai usiku tukifika nyuzi 22 tunatafuta sweta 😂

Nahodha: Nimemtumia. Anauliza, na raba za mlango je?
– Hizo pia, mzunguko wote. Hata hapa zinafaa, mlango unaacha kulia.