Kupanga bumba la setilaiti kuzunguka Jua bila kugongana: hatua kwa hatua

Wengi wakianza kazi hii huwaza injini na rada. Mimi huanza na jiometria: obiti, yaani njia za kuzunguka Jua, zikipangwa vizuri, setilaiti hupishana zenyewe, na mafuta hubaki ya kusahihisha kuyumba tu. Tuchukue setilaiti maelfu, kilomita milioni 150 kutoka Jua.

Hatua ya 1: Panga pete, yaani misururu ya setilaiti inayolizunguka Jua. Pete mbili zenye umbali sawa kutoka Jua zikiinamiana lazima zikatane mahali pawili, na mwinamo wa digrii 1 unatosha kugonganisha setilaiti kwa mita 520 kwa sekunde. Kwa hiyo kila mwinamo upewe umbali wake kutoka Jua. Sehemu iliyo karibu na Dunia iache wazi, maana uvutano wake utavuruga pete.

Hatua ya 2: Linganisha muda wa mzunguko. Hapa ndipo penye kazi. Setilaiti ikimzidi mwenzake kasi kwa milimita 1 tu kwa sekunde, obiti yake hupanuka kama kilomita 10, na baada ya mwaka itakuwa imebaki nyuma kilomita 95 hivi. Ndiyo, nyuma! Ukitaka kumfikia aliye mbele, punguza mwendo: utashuka kidogo kuelekea Jua, mzunguko utafupika, utamkuta.

Hatua ya 3: Tenganisha majirani. Ifanye obiti ya jirani iwe duaradufu kidogo, iingie kuelekea Jua na kutoka kilomita 50, kisha uiinamishe ipande na kushuka kilomita 50. Siri iko kwenye zamu: ikiwa haiko ndani wala nje, iwe juu kabisa au chini kabisa. Hata usipojua nani katangulia, kilomita 50 za pembeni zipo daima. Setilaiti mbili za rada za Ujerumani, TerraSAR-X na TanDEM-X, zimeruka kwa mtindo huu kuzunguka Dunia tangu 2010.

Hatua ya 4: Hesabu msukumo wa mwanga. Watu huudharau. Kwa setilaiti yenye kilo 10 kwa kila mita ya mraba, tofauti ya asilimia 1 katika kuakisi mwanga inaweza kuitenga na wenzake kwa mamia ya kilomita kwa mwaka. Tengeneza zote kwa nyuso zilezile, halafu utumie mwanga huohuo kama usukani. IKAROS, chombo cha Japani chenye tanga linalosukumwa na mwanga, mwaka 2010 ilijigeuza kwa kubadilisha uakisi wa kingo za tanga hilo.

Hatua ya 5: Ziachie ziamue. Ujumbe kutoka Dunia kwenda upande wa pili wa Jua huchukua dakika 16 na zaidi, tena Jua lenyewe huziba njia. Kila setilaiti ipime majirani kwa leza na iwashe injini inapokaribia mpaka wa eneo lake tu. Kuirudisha katikati kila mara ni kuchoma mafuta bure.

Ikifa moja, usiisukume. Majirani wasogee. Ikigongwa ikavunjika, huku hakuna hewa ya kuangusha vipande.